Kambale Alivyonifuata Bwawani

Leo nimeaibika mbele ya watu walioko Tanga, na aliyeshika kamera ni mama yangu mzazi.

Kuna kikosi huko pwani kinachotumia roboti za chini ya maji kufuatilia mafuta yanayovuja baharini. Wanataka mhandisi mmoja. Mmoja tu! Mimi ni wa Nzuguni, Dodoma, shahada ninayo, bahari nimeiona kwenye simu. (Harufu yake huwa naiota. Sijui kama napatia.) Nafasi hiyo naitaka kweli kweli.

Roboti yangu nimeiunda mwenyewe, inaitwa Kambale. Ana kihisi cha mafuta: akiyagundua, anayafuata mwenyewe. Usaili ulikuwa saa nne asubuhi, kwa video, kwenye bwawa la samaki la mjomba kule Bahi. (Samaki walishauzwa.)

Upepo wa Dodoma mnaujua. Kabla hatujatoka, mama akanitazama miguu. "Utawaonyesha wageni miguu iliyopauka hivyo? Watasema sikukulea!"

Mimi ninayehoji kila kitu, hata mahubiri, hapo sikuhoji. Nikajipaka mafuta ya mgando mpaka magotini.

Bwawani nikamwaga kikombe cha mafuta ya alizeti upande wa pili, nikakunja suruali, nikaingia majini, nikamwachia Kambale na waya wake mrefu. Akaenda vizuri. Akayafikia. Akasimama.

Akageuka, akanijia mimi.

Nikasogea kushoto. Naye kushoto! Nikaongeza mwendo, akaongeza.

"Mwanangu, linakufuata kama ndama!" mama akapiga kelele, simu mkononi.

Waya ukanizonga miguu. Nikaanguka chali, nikameza funda zima la maji. (Hata hapo niliwaza: haya hayana chumvi.)

Nilipoibuka, kule kwenye simu watu walikuwa wanafuta machozi. Mkuu wao akauliza, "Binti, umejipaka nini?"

"Mafuta ya mgando."

"Hayo si yanatokana na mafuta ghafi? Basi roboti yako haidanganyiki na alizeti. Haya, tutakupigia."

Tutakupigia! Neno hilo nimelihoji mchana kutwa. Ni la kweli, au la kunifukuza kwa adabu? Nimekaa kibarazani, miguu bado inang'aa, upepo unapiga mabati, nami najidanganya kwamba ni mawimbi.

Chekeni mtakavyo, ila msinipigie. Simu yangu iacheni wazi.