Yah: Kipoza Joto Kilichozidi Ukimya

Kwako Ndugu Fundi wa Kompyuta,
(uliyeamua kuniita shemeji tangu siku ya kwanza bila kuniuliza),

Natumaini waraka huu unakukuta mzima, wewe na bidhaa zako. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mengineyo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu hii nyekundu ya kusahihishia madaftari ya wanafunzi, maana ya bluu mtoto ameificha.

Utakumbuka mume wangu alikuja nami dukani kwako kulalamika kwamba kompyuta yake inanguruma. Mchana huitumia kuchorea watu ramani za nyumba. Jioni anaigeuza uwanja wa vita vya mchezo, na ili vita viende kasi, ameilazimisha prosesa yake, yaani ubongo wake, ikimbie kuliko mwendo iliotoka nao kiwandani. Kitu kikikimbizwa hivyo kinapata joto, na feni yake ilikuwa ikipiga kelele kama mashine ya kusaga. Ulituwekea mezani vitu vitatu: kifeni kidogo, kile cha kupoza kwa maji chenye mipira ya kuyapitisha, na lile dude la chuma lenye mapezi na feni mbili pana zinazozunguka polepole. Ukalipapasa kama mwanao, ukasema, "Shemeji, hili likishafungwa mtasahau kama lipo." Niliinama nikasikiliza. Kwa kuwa jirani yako ni fundi wa kuchomelea mageti, vyote vitatu niliviona kimya sawasawa. Nikakuamini.

Kwa heshima zote, nalalamika rasmi kwamba dude hili halina kelele hata kidogo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe umeangukia nyumba yangu. Hasara nilizopata ni hizi:

1. Mtoto wetu amezaliwa na kulelewa ndani ya ile ngurumo. Alikuwa akisinzia baba yake anapoanza vita tu. Sasa kijiko kikianguka jikoni, yuko macho. Nimejaribu kumngurumia mwenyewe kwa mdomo. Ananicheka.

2. Mama mkwe wangu anakaa chumba cha pili, na ukuta wetu ni mwembamba. Zamani akitoa maoni yake kuhusu chumvi yangu, nilikuwa namjibu kwa adabu, "Samahani mama, sikusikii, ni hii kompyuta ya mwanao." Udhuru huo umeninyang'anya wewe. Sasa namsikia vizuri mno, hata anaposali, na humo kwenye sala natajwa. Tena lile bomba la sindano lenye dawa ya kijivu, ile unayopaka juu ya prosesa kabla ya kufunga chuma, mume wangu alilisahau mezani. Mama akaliona, akajua mwanawe anaumwa na mke anaficha. Tangu hapo anampikia supu na mimi ananiangalia kwa jicho la upande. Nimemweleza mgonjwa ni kompyuta. Amenijibu kwamba kompyuta haichomwi sindano.

3. Umenipokonya uhuru wa kusema. Kila jioni nilikuwa nikisimama nyuma ya kiti chake na nguo za kukunja mikononi, nikimwambia yote niliyonayo moyoni. Kwa kuwa ilikuwa ni kumpigia mbuzi gitaa, nilipiga nyimbo zote nizijuazo. Yeye akiitikia kwa kichwa na kusema "Sawa." Tuliishi kwa amani kubwa. Siku dude lako lilipofungwa, nikaanza kama kawaida, nikasema hata mlango wetu una adabu kumzidi, kwa sababu mlango ukigongwa unaitika. Akageuka! Akauliza, "Umesemaje?" Nilipatwa na aibu ambayo sikuwa nimeipangia.

4. Anajisifu kwa wageni kwamba prosesa sasa haizidi nyuzi sitini, na akihisi imepanda kidogo analishika sanduku lake kwa kiganja, pole pole. Mimi nilipopata homa nilijipima mwenyewe. Hili si kosa lako fundi, lakini nimeliandika kwa sababu liliniuma, na sina ofisi nyingine ya kulipeleka.

5. Hapa ndipo penyewe. Nimepewa uhamisho. Ni shule iliyo mwendo wa kutwa nzima kwa basi, na huko nitakuwa mkuu wa idara ya hisabati. Kazi hii nimeitamani tangu nianze kushika chaki. Kama mke mwenye heshima, nilimwomba mume wangu ruhusa, nikiwa nimesimama mahali pangu pa siku zote, nyuma ya kiti, feni ya zamani ikiwa hai. Akasema "Sawa." Nikauliza, "Na mtoto nimchukue?" "Sawa." Nikauliza kama hatatukumbuka. "Sawa." Niliingia chumbani nikakaa kitandani muda mrefu, kisha nikatia sahihi fomu ya uhamisho. Wiki hii, kwa ajili ya ukimya wako, amenisikia nikimweleza dada yangu kwenye simu. Sasa anauliza nakwenda wapi, kwa nini, na nani aliniruhusu! Ruhusa iliyotolewa kihalali chini ya ngurumo inataka kubatilishwa kimyakimya. Hiyo ni haki ya wapi, ndugu yangu?

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, uturudishie ile feni ya zamani. Kama umeitupa, tufungie tatu za aina yake. Kama hilo nalo haliwezekani, njoo uisukume prosesa zaidi, mpaka dude lako lishindwe na lipige ukelele. Muhula unakaribia kufungwa, nami nataka kufunga mizigo yangu bila kuulizwa kitu. Mtu akiulizwa sana anaweza kubaki.

Wasalimie wote dukani, na msaidizi wako, na wateja wenye ndoa changa. Nisalimie zaidi yule jirani yako wa mageti. Kelele zake zinalinda nyumba nyingi pasipo yeye kujua.

Ni mimi, mteja wako niliyepozwa kupita kiasi,
Mwalimu wa Hisabati

Tanbihi: Shemeji, baada ya kuweka sahihi kwenye waraka huu niliiacha kalamu juu ya karatasi nikawa naiwaza safari. Mume wangu alikuwa katikati ya vita, amenipa mgongo. Bila kugeuka akauliza, "Mbona umeacha kuandika?" Alikuwa anaisikia kalamu, fundi! Sijui ameanza kuisikiliza lini. Nimelia, na kilio nacho amekisikia. Amegeuza kiti, wakamuua huko mchezoni, hakujali. Anasema ramani za nyumba zinachorwa popote penye umeme. Mama mkwe amepaza sauti kutoka upande wa pili wa ukuta kwamba kwenye basi yeye atakaa dirishani.

Basi feni ya zamani usiitafute. Ila tujibu upesi: dude zito namna hii likisafirishwa kwa basi, lifunguliwe kwanza au liachwe lilivyo? Mume wangu anataka kulifungua. Mimi nimekataa. Nahofia akija kulifunga vibaya huko tuendako, litaanza kupiga kelele.