Mmarekani Aliyeliliwa Mangobo

Jamani, leo Mangobo nzima, mtaa wetu hapa Kisangani, imeniona. Nasimulia mwenyewe kabla majirani hawajawasimulia vibaya zaidi.

Mnajua tangu nimalize masomo ya historia sina kazi. Juzi nikapata bahati. Madame mmoja kutoka Amerika anafuatilia maisha ya babu wa babu yake, fundi wa mashine katika meli ya mvuke, aliyekuja kwenye mto wetu karne ya kumi na tisa akafa kwa homa. Anatafuta mtu wa kumsaidia kufuata nyayo zake hadi mji wa Isangi. Leo alikuwa anakuja kwetu kunipima. Akinipenda, kazi yangu.

Nilipaswa kumwandalia kiti na chai. Basi! Lakini kichwa changu hakinyamazi. Je, akipotea? Nikasimika matawi ya mchikichi barabarani. Je, jua likimchoma? Nikaazima turubai. Je, akija na watu? Nikaazima viti vya kanisa. Je, akidhani simjali babu yake? Nikaenda Makiso, katikati ya mji, kukuza picha aliyonitumia (ndevu nyingi, uso wa huzuni), nikaiweka mezani juu ya kitambaa cheupe, pamoja na maua. Muziki? Rumba ingekosa heshima. Nikaweka nyimbo za dini, polepole.

Nikarudi nyuma kutazama. Nikajisifu. (Kila mtu wa Kisangani ameshaelewa nilichokuwa nimepanga. Mimi, na diploma yangu, bado.)

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Bibiche, jirani yetu muuza samaki. Mikono kichwani. "Yoo! Mungu wangu, yoo!" Akajitupa chini mbele ya picha.

Ndipo nikaelewa. Matawi, turubai, viti, picha, nyimbo: nimeandaa matanga!

Nikatafuta maneno ya upole ya kumweleza. Nikayatafuta sana. Nilipoyapata, ua ulikuwa umejaa wamama wanaolia.

"Alikufa na nini?" Mama Bibiche akaniuliza.

"Homa, mama."

"Siku gani?"

"Bon... iko siku mingi kidogo."

Madame akafika. Akaona picha ya babu yake, akaona umati unamlilia. Naye akaangua kilio! Mama Bibiche akamkumbatia kwa nguvu.

"Pole, mujane. Pole sana."

Nilikuwa bado nalifikiria hilo "mujane", pikipiki ikasimama na papa, baba yangu, akaruka chini, mguu mmoja hauna kiatu, analiita jina langu. Alikuwa amepigiwa simu kwamba kwake kuna kilio, hakuambiwa nani amekufa. (Mtoto wake ni mimi peke yangu.) Akanishika mashavu.

"Donc uko muzima?"

"Niko muzima, papa."

"Alors tunalilia nani?"

Watu wote wakanigeukia.

"Fundi wa meli," nikasema. "Mmarekani. Wa... karne ya kumi na tisa."

Mama Bibiche akainuka taratibu. "Niliacha samaki yangu kwa jua juu ya mutu ata babu yangu hakumujua?"

Ua mzima ukapasuka kwa kicheko. Papa alicheka hadi akakalia meza ya marehemu. Madame akaniuliza kuna nini. Nikamtafsiria kwa Kifaransa, kwa sauti ndogo, nikiitazama kazi yangu ikiondoka.

Akaigeukia ile picha. Kisha akasema babu yake alifia mbali na ndugu, hakuna aliyemlilia.

"Leo ameliliwa," akasema. "Isangi tunaenda lini?"

Kazi nimepata! Ila wamama wanasema matanga hayamaliziki bila chakula, na hakuna anayetoka. Madame mwenyewe yuko jikoni anamenya ndizi. Anayetaka kunicheka, ruhusa. Aje na mchele.