Ubao Laini wa Sitati na Bomba la Kariandusi

Sogeeni, enyi watu wa Bondeni hapa Nakuru, nanyi wa Section 58 mnaojiona mko juu kwa sababu choo chenu kiko ndani ya nyumba. Nanyi wa Karagita, mliosimama kutwa mkifunga maua ya wapenzi wa Ulaya, pumzisheni miguu yenu mnisikilize. Nataka kunena habari ya shindano kuu. Sineni habari ya Januari, ya fujo za baada ya uchaguzi. Hiyo ina wenyewe, na wengi wao hawapendi kuulizwa. Nanena habari ya Sitati mwana wa Khaemba, Bwana wa Brashi, mchora mabango wa Bondeni, mjukuu wa mpakia makaa wa reli, aliyepanda ubao uliolegea, akashuka lundo la udongo mweupe, akavuka bomba. Ilikuwa mwezi wa tano wa mwaka 2008, nami nilishuhudia kwa macho haya haya, mkononi nina hindi la kuchoma.

Ewe Kumbukumbu, kaa karibu yangu. Na kama huna nafasi, nitajazia mwenyewe.

Basi ikawa siku zile Mzee Jayantilal, Sultani wa Misumari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alipokea mzigo kutoka kwa mwanawe Arjun aliyehamia Kanada. Ndani ya mzigo, katikati ya mablanketi, mlikuwa na ubao. Urefu wake ulimfika mtu mzima kidevuni, wembamba wake ulikuwa wa kidole, na ncha zake zote mbili zilipinda juu, wala hapakuwa na aliyejua mbele ni ipi na nyuma ni ipi. Jambo ambalo mwaka ule, serikali ikiwa na vichwa viwili, rais na waziri mkuu, halikumshangaza mtu. Mama Sudha, mke wa Sultani, aliujaribu kwa kupigia pasi, shati likateleza. Jayantilal akaugeuza rafu, makopo ya rangi yakashuka moja baada ya jingine mpaka barazani. Mwisho akampigia mwanawe simu, akaiweka loudspeaker, maana mzee yule hakuwa mtu wa siri.

"Baba," ikasema sauti kutoka ng'ambo, "hiyo si ya pasi. Ni ya kuteleza kwa barafu. Lakini hiyo ni laini, inapindika. Ni ya kucheza kwa park tu."

"Park?" akanguruma Sultani. "Arjun, wewe umesahau kwenu? Park iko na simba!"

Kwa yakini hakukosea, kwa maana Nakuru park ni moja tu, ya wanyama, na anayeingia humo juu ya ubao hatoki. Ikabidi Arjun aeleze kwamba huko kwao park ni kilima cha barafu walichojengea vituta vya kuruka na mabomba ya kuteleza juu yake, na kwamba watu wazima wenye kazi zao huenda huko kwa hiari.

Sasa Sitati alikuwa pale pale mlangoni akipaka jina la duka, na aliposikia neno *laini*, brashi yake ilisimama. Lazima niwaeleze kwa nini. Januari ile, vijana wa mtaa walipogonga geti wakimwita atoke waende kufunga barabara, Sitati aliwajibu kupitia dirisha maneno mawili: "Siendi. Naogopa." Walioenda walienda, na waliyoyafanya huko hakuna anayeyatungia wimbo, lakini kesho yake Sitati alikuwa na jina jipya. Sitati Laini. Jina lilimfuata sokoni, likamfuata kwa kinyozi, likaingia naye mpaka kanisani. Vijana wakimwona walimuuliza, "Niaje Laini, wewe ni laini ya Safaricom ama ya Celtel?" na wakacheka kana kwamba mzaha huo ulizaliwa asubuhi hiyo. Lilimuuma. Alikuwa akichora herufi kubwa, nyekundu na nene kuliko zamani, na bado lilimuuma.

Aliyempa jina hilo alikuwa Joash fundi seremala, Simba wa Randa, kifua kama mlango wa godauni, na ikatukia kwamba saa ile alikuwa dukani akinunua gundi. Akausukuma ubao kwa kidole gumba, ukapinda, ukarudi. Basi Joash akasafisha koo, kama mtu aliyepewa nafasi ya kusalimia wananchi.

"Mimi sina mengi ya kusema," akasema, nasi tukajua tutakesha. "Mwaka mzima nashika mbao. Mvule najua. Mahogany najua. Kitu ngumu ndio inabeba mtu. Hii kitu ni laini kama ugali ya hoteli, na naona imepata mwenyewe. Sitati, si muoane?"

Duka likacheka. Mzee Jayantilal naye alicheka, kisha akamwona Sitati, akaacha.

Sitati akaweka brashi chini. "Joash, leta mbao yako ngumu. Mimi nitapanda hii. Tutateleza kwa ile udongo nyeupe ya Kariandusi, tuweke kituta, tuweke bomba, vile Arjun amesema. Nikivuka hiyo bomba nikiwa nimesimama, usiniite Laini tena, wewe na hao watu wako."

"Na ukianguka?"

"Nikianguka nitachora hiyo jina mwenyewe, kwa mlango ya kibanda yangu, na mkono yangu."

Kila mtu mle dukani alijua kwamba mwandiko wa mkono ule haufutiki kwa mvua.

Jumamosi ilipofika, pikapu ya Sultani ilibeba majeshi yote mawili. Kuna upande wa kule Kariandusi lundo la udongo mweupe lililosahauliwa na wenye machimbo, unga mtupu, wa kuteleza, ukipanda hatua mbili unarudi moja. Palikuwa na jua la kupasua kichwa, na kwa mbali palionekana ziwa Elmenteita, jeupe kwa magadi, nasi tukaamua kwamba ile ndiyo barafu. Tukajenga park yetu: kituta cha kufika gotini, na mbele yake bomba kuukuu la maji, refu kama kitanda, lililolazwa juu ya mawe. Wageni waliopita barabarani wangesema hapo hapana kitu. Wageni hawajui kutazama.

Joash akapaka nta ubao wake wa mvule, mnyoofu, mzito, usiopinda kwa mfalme wala kwa mganga, akaupigilia viatu vyake misumari. Sitati alivaa gambuti za mpira za matopeni, akazifunga kwenye ubao laini kwa vipande vya mpira wa tyubu. Hapo Mzee Jayantilal akampigia Arjun, na Arjun, ambaye Kiswahili chake kilishaanza kushika kutu ya Kanada, akapaza sauti katika loudspeaker:

"Sitati! Ukifika kwa bomba usisimame kama mti! Piga magoti! Umesikia? Piga magoti!"

Kisha simu ikakatika.

Tukatazamana. Amri ilikuwa imetoka kwa mtu aliyeijua barafu. Namalwa mke wa Sitati, Nguzo ya Kwaya, aliyekuja na leso mbili na mafuta ya kuchua, hakungoja kushauriwa. Akaanguka magotini katika udongo mweupe, nasi sote tukamfuata, na akaomba. Aliombea mabonde na milima, akaombea serikali zote mbili zilizo ndani ya moja, akaombea gambuti, ya kushoto na ya kulia. Mama Sudha aliunganisha viganja akafumba macho. Joash alipiga goti moja tu, la pili alilihurumia kwa ajili ya suruali.

"Amina," tukasema, na Simba wa Randa akashuka.

Sitawaibia haki yake: alishuka kwa kasi ambayo sijaiona tena. Ubao ule mgumu haukutetemeka wala kuyumba, na Joash juu yake alisimama wima, kifua mbele, na kwa muda mfupi nilidhani wazee wetu walikosea kutunyima barafu. Kisha pua ya mvule ikakutana na kituta. Ubao haukupinda, kwa maana haukufundishwa. Ulijichimbia, ukabaki pale. Joash aliendelea bila kiatu hata kimoja, akalipita bomba kwa juu bila kuligusa, akatua upande wa pili akiwa mweupe kama chapati isiyoiva.

Ilibaki zamu ya Sitati. Alisimama kileleni, na upepo ulipotulia tulimsikia akisema, si kwa yeyote, "Naogopa."

Joash alikuwa hoi, lakini alipata nguvu ya kucheka. "Mmesikia? Mmesikia, watu wangu?"

"Tumesikia!" akajibu Namalwa, akiinuka na udongo magotini. "Kwani ni siri? Hata Januari alisema, na mimi nilikuwa ndani ya nyumba nikimsikia. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nilicheka, Joash. Hiyo asubuhi mabibi wengine kule mtaani walikuwa wanalia, na unawajua kwa majina."

Joash akajipangusa vumbi usoni, kwa muda mrefu kuliko vumbi lenyewe lilivyohitaji.

Na Sitati akashuka. Ewe msikilizaji, haukuwa mwendo wa fahari. Kasi ilipopanda, ule ubao ulianza kupapatika na kugonga-gonga kama sahani za bati ndani ya mkokoteni, ukamyumbisha kushoto, ukamyumbisha kulia, ikawa dhahiri kwamba kwa mbio ndefu haufai hata kidogo. Ila ulipofika kwenye kituta, pua yake ilipinda, ikapanda, ikapita kana kwamba imeomba ruhusa. Akaruka. Aliruka kiasi cha kuku kuvuka kizingiti, lakini aliruka. Na hapo hewani akalikumbuka agizo la Kanada, naye ni mtu wa kanisa, akatii kama alivyolisikia: akapiga magoti. Alishuka chini kabisa, magoti karibu yaguse ubao, mikono imekunjwa kifuani, macho yamefumbwa, akatua juu ya bomba akiwa upande upande, ubao umelikingama.

Ubao mgumu ungemtupa. Huu ulilegea katikati ukalikumbatia lile bomba, ncha zikaning'inia huku na huku, ukamsamehe kosa lake, ukampitisha. Alipodondoka mwisho wa bomba, mkia ulikunjika hata tukadhani umevunjika, kisha ukamsukuma juu. Akafumbua macho. Akanyoosha magoti. Alikuwa amesimama.

Tulipiga kelele mpaka pundamilia wa shamba la jirani wakahama. Mzee Jayantilal alimkumbatia dereva wake mwenyewe. Namalwa alilia, kisha akakataa kwamba alilia. Na Sitati, badala ya kucheza, alifungua gambuti moja, akajikongoja na ubao mguuni mpaka pale Joash alipokaa, akamnyooshea mkono.

"Simama, boss."

Joash akautazama ule mkono. "Sitati," akasema, na jina lilitoka likiwa peke yake, uchi kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Januari. "Sitakuita hilo jina tena."

Dau lilikuwa limekwisha, na haki ilikuwa yake. Lakini Jumatatu tulipoamka tulimkuta Sitati juu ya ngazi, mbele ya kibanda chake, brashi mkononi. Alikuwa ameandika kwa herufi nyekundu zisizofutika kwa mvua: SITATI LAINI, MABANGO NA HERUFI ZA KILA AINA.

Joash alipita akielekea kazini, mguu bado unachechemea. Akasimama, akasoma, akasoma tena.

"Lakini ulishinda," akasema.

"Ndio maana," akajibu Sitati, akaendelea kunenepesha ile L.

Basi na ijulikane kutoka Njoro hata Naivasha, na wajukuu wafundishwe kabla ya kufundishwa mipaka ya wilaya, kwamba katika mwaka wa watu wagumu palikuwa na mtu mmoja laini, naye alivuka bomba. Ubao wenyewe umerudi dukani kwa Jayantilal kuwa rafu tena. Makopo bado yanateleza, na mzee amekataa kuubadilisha.