Gari la Mama Hakimu Laota Bawa

Gazeti likifika kijiweni kwetu husomwa na mmoja na kubishaniwa na wote. Asubuhi hiyo lilikuwa mikononi mwa Mwalimu Kanuni, mstaafu asiyevumilia hata nukta ikae pasipo pake. Alilikunja mara nne, akagonga bakora yake chini.

"Sikieni kituko! Tajiri mmoja huko ng'ambo kanunua gari la mbio la kale, lina miaka sitini, limeundwa kwa mkono. Kang'oa injini katia nyingine. Kalishusha hadi linakwaruza barabara, kalipaka kijani cha chura. Sasa kiwanda kimemwandikia: toa nembo yetu, hilo si gari letu tena!"

"Wivu huo!" akadakia Spana. "Kawazidi ufundi, wamenuna."

Spana ni fundi magari, gereji yake iko hatua kumi nyuma yetu, na lazima niseme ukweli: kijiwe hiki kimepanda daraja kwa ajili yake. Miezi michache nyuma alituletea viti viwili vya ngozi vya kuegemea, na bomba refu la chuma linaloshikilia turubai letu. Mama Birika, anayetuuzia kahawa, alipata vifuniko vya rimu vinavyong'aa, akavifanya sinia za vikombe. Mimi kinyozi nikapewa kioo cha duara. Mteja hujiona sikio moja moja, lakini kioo ni kioo. Hakuna aliyeuliza vimetoka wapi. Kiti kikiwa laini, maswali hupungua.

"Gari la miaka sitini breki zake ni za kumwomba Mungu," Spana akaendelea. "Nikilitia breki za leo nimelikosea nini? Kipya kinyemi!"

"Malizia methali, usiibe nusu! Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Mwalimu alijinyoosha kwenye kiti chake cha ngozi. "Cha kale hakiguswi. Kinafutwa vumbi na kuheshimiwa, basi."

"Langu mimi halijaongezwa hata honi," akasema Polepole, dereva wa gari la maiti. "Miaka kumi na tisa, hakuna abiria aliyelalamika."

"Siku akilalamika, wewe ndiye utakayekimbia bila gari!" akacheka Mama Birika.

Spana akamnyooshea Mwalimu kidole. "Haya, Mwalimu, tuambie. Hayo meno ya juu ndiyo uliyotoka nayo kiwandani?"

Tulicheka hadi Polepole akamwaga kahawa. Mwalimu alifunga mdomo, akaufungua kwa tahadhari.

"Meno haya ni matengenezo. Lililong'oka limerudishwa lilivyokuwa. Wewe ungenitia ya dhahabu, tena na taa ndani!"

"Na ungependeza! Mwalimu, wale waliounda gari lile walitumia walichokuwa nacho. Wangekuwa na turbo, wangetia turbo. Mimi nawamalizia kazi tu."

"Nani kakutuma? Gari la namna ile likinguruma, anayelijua hulijua kabla hajaliona. Ukibadilisha bomba la moshi umelibadilisha koo. Litapiga kelele, ndiyo, lakini kwa sauti ya nani?"

Spana alitazama saa, akatazama barabara, akatazama saa tena. Mtu mbishi akiacha ubishi ghafla, ujue kuna jambo.

"Mama Hakimu anakuja saa nne," akasema.

Sote tulielewa. Mama Hakimu, hakimu mstaafu, ndiye mwenye lile gari jekundu la viti viwili lililofunikwa gerejini kwa miezi minane. Lilikuwa la marehemu mumewe. Spana amependana na binti yake, na alipokwenda kumwomba mkono wake, mama alijibu sentensi moja: "Nirudishie gari la baba yake kwanza, ndipo tutazungumza."

"Alikwambia ufanye nini hasa?" nikamuuliza.

"Breki."

"Na umefanya nini?"

"Breki. Na mambo mengine kidogo."

Alikwenda akavuta turubai la gereji. Yarabi! Nyuma ya gari limeota bawa pana kama ubao wa kupigia pasi. Tairi zimetokeza nje kama mashavu ya mtoto mwenye pipi. Mabomba ya moshi manne, kila moja lingeweza kulaza paka. Ndani kuna viti vya plastiki vyenye mikanda ya kumfunga mtu kama mzigo.

"Nilitaka afurahi," Spana akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua kuliko kawaida. "Nilitaka aone mkwe wake anajua kazi."

Nilimhurumia kwa kweli, lakini huruma haing'oi bawa. Saa nne kamili Mama Hakimu akawa amesimama mbele yetu, mkoba kwapani, miwani puani.

"Hamjambo."

"Hatujambo, Mheshimiwa!" tukaitikia kama washtakiwa.

Alilizunguka gari taratibu. Alipofika nyuma alisimama.

"Mwanangu, hili linaruka?"

"Hapana, mama. Linasaidia upepo."

"Upepo uliomba msaada?"

Spana aliwasha injini, labda akidhani itamtetea. Nyembe zangu zilicheza kwenye kopo. Mama Hakimu aliziba masikio hadi Spana alipoizima, kisha mama akasema kwa upole, "Huyo si mume wangu. Alikuwa akikata kona ile pale, kwa mngurumo wake tu nikawa najua niweke chai. Huyu simjui."

Aligeuka atafute pa kukaa, na macho yake yakatua kwenye kiti alichokalia Polepole. Aliinama, akagusa tundu dogo ubavuni.

"Tundu hili la sigara. Nilimgombeza mwaka mzima kwa tundu hili." Akainua macho, akalitazama bomba la turubai, sinia za Mama Birika, kioo changu. "Kumbe mume wangu amekuwa akikaa nanyi hapa."

"Mama, nisamehe," Spana akasema. "Sikutupa hata kimoja. Nitavirudisha leo hii."

"Sasa hivi," akasema hakimu. "Nami nasubiri."

Kijiwe kikavunjwa. Polepole alibeba viti kwa adabu aliyozoea kazini. Nilipovuta bomba, turubai lilituangukia, Mama Birika akaokoa birika kwanza na sisi baadaye. Bawa lilitoka, mabomba manne yakatoka, tairi nyembamba zikarudi. Kufikia saa nane gari lilikuwa limekamilika, isipokuwa juu ya wenzo wa gia, palipobaki chuma kitupu.

"Kulikuwa na kirungu cha mti, cha mviringo," akasema Mama Hakimu. "Alikichonga mwenyewe."

Spana alimtazama Mwalimu. Sote tukamtazama Mwalimu. Mwalimu akaificha bakora yake nyuma ya mgongo, maana kichwa cha bakora kilikuwa cha mti, cha mviringo, na kilimkaa kiganjani vizuri mno.

"Jamani," akasema, "mabadiliko madogo madogo hayaharibu gari."

"Nyani haoni kundule!" Polepole akapasua kicheko.

Mama Hakimu alinyoosha mkono tu. Mwalimu akakifungua kirungu mwenyewe.

Injini ilipowashwa mara hii, ilikohoa, ikasita, kisha ikatulia kwenye mngurumo mzito wa chini. Mama Hakimu alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Akakaa kwenye kiti chenye tundu, akashika usukani, akakanyaga breki.

"Breki ni nzuri," akasema. "Sasa sikiliza, mwanangu. Binti yangu ana hasira za baba yake, na Jumapili haamki kabla ya saa tano. Ukimtaka, njoo Jumamosi tuzungumze. Lakini umchukue alivyo. Nisije nikamkuta baada ya miezi minane ameota bawa."

Akaondoka. Kwenye kona tulimsikia akikata taratibu, kisha sauti ikapotea.

Tulibaki juani, tumesimama, vikombe mikononi kwa kukosa sinia. Mwalimu aliitazama bakora yake iliyobaki kijiti, akamsogelea Spana, akashusha sauti.

"Fundi, huwezi kunitilia kichwa kingine hapa? Cha kisasa. Hata kikiwa na taa."

"Samahani, Mwalimu," akasema Spana, akifuta mikono. "Mimi kuanzia leo ni orijino tu."