Msaidizi Asiyetaka Kuondoka

Jumatatu, 18 Agosti

Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Baridi kali mji mzima wa Paysandú, isipokuwa nyumbani kwetu. Kabla ya kwenda zamu yake hospitalini, Ivonne alinimiminia yerba ya moto, chai yetu ya majani machungu, kisha akanibusu kwenye kipara. Kwenye kipara! Miaka kumi nimekificha chini ya kofia, kumbe kilikuwa kinamsubiri yeye.

Na habari nyingine kubwa. Ofisi ya Ajira imenikubali, kwa majaribio, kuwa mtoa huduma za ajira saidizi. Mtu mwenye ulemavu anapata kazi ya kweli, kwa mshahara kama wa wenzake, na mimi nasimama ubavuni mwake mpaka aizoee. Kisha najitoa polepole. Nikifaulu kwa mtu mmoja, napewa kibali cha kudumu. Mkaguzi, Bi Zulma, atakuja tarehe 29 kuona kama mtu wangu anafanya kazi peke yake.

Mlangoni mwa ofisi nikakutana na Heber Techera. Ana kibali tangu miaka sita iliyopita, na shati lenye jina lake mgongoni. Akanipongeza, akasema sehemu ngumu ya kazi hii si kusaidia, ni kuondoka. Nikamshukuru kwa mdomo. Moyoni nikamwambia mengine. Huyu ndiye aliyecheza na Ivonne dansi tatu mfululizo kwenye harusi ya binamu yake mwaka juzi. Tatu! Mimi sitaondoka popote kwa kuambiwa na Heber.

Jumanne, 19 Agosti

Nimempata mtu wangu. Mirta Olivera, miaka ishirini na saba. Ana hali ya Down, ulemavu wa kuzaliwa, na ulimi kama wembe. Miaka minane amekaa kwenye karakana ya hisani akibandika bahasha. Nikamuuliza anataka kazi gani. Akasema yoyote isiyo na gundi.

Nikamwambia asiogope, nitakuwa naye kila hatua. Akauliza kama sina kwangu. Nikamweleza kwamba nina kwangu, tena pazuri, na ndani yake kuna mke. Nikamwonyesha picha za harusi. Alitazama kumi na nne kwa adabu. Ya kumi na tano ikamshinda.

"Mkeo mzuri, kaka. Sasa twende tukatafute kazi."

Tukaenda kwa Mzee Bonfiglio, mwenye duka la tambi mbichi. Nilikuwa nimelichagua kwa akili. Tarehe 29 kila mwezi nchi nzima hii inakula nyoki, vile vidonge vya viazi na unga, na noti moja chini ya sahani kuvutia bahati. Siku hiyo foleni ya Bonfiglio inafika kona ya barabara. Na msaidizi wake mmoja amehamia Montevideo kwa binti yake. Hana mikono ya kutosha!

Mzee alimtazama Mirta, akanitazama mimi. Akasema atamjaribu. Tarehe 29 akisimama kwenye meza yake bila kushikwa mkono, kazi ni yake, na mkataba, na aproni yenye jina. Akishindwa, arudi alikotoka, kwa sababu nyuma ya ile meza hakuna nafasi ya watu wawili wanaofanya kazi ya mmoja. Aliposema wawili alikuwa ananiangalia mimi.

Mirta akagonga fomu yangu kwa kidole. Akasema yeye harudi kwenye gundi, na hilo niliandike. Nikaliandika.

Alhamisi, 21 Agosti

Kwa mujibu wa mwongozo, msaidizi hujifunza kazi kwanza, ndipo amwelekeze mwingine. Nikafika saa kumi na mbili asubuhi na aproni ya Ivonne. Inanukia yeye!

Donge la viazi linaviringishwa liwe kama kamba. Kamba inakatwa vipande. Kila kipande kinasukumwa kwa kidole gumba juu ya kibao chenye mifereji, kijikunje na kupata mistari. Rahisi. Nikatengeneza trei nzima. Mzee Bonfiglio akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama nimewahi kuumia mkono.

Mirta alinitazama robo saa. Akanisogeza kwa nyonga. Kufikia saa tano nyoki zake zilikuwa zinafanana kama pacha, na zangu zilikuwa zimepelekwa kwa kuku wa jirani. Mzee anasema hata kuku walisita.

Nimemtengenezea picha za kila hatua, zibandikwe ukutani. Hatua tisa, na mwonyeshaji ni Ivonne. Ya tano haipo. Ilikuwa nzuri mno, nimeiweka kwenye pochi. Mirta akauliza baada ya hatua ya nne anafanya nini, anamwazia mke wa mtu?

Kitu kimoja tu kinamsumbua: mizani. Ni ya zamani, ya mshale, imejaa namba ndogo ndogo. Leo nusu kilo ya mteja mmoja ilikuwa karibu kilo nzima. Mirta akakunja kitambaa chake mara nne. Nilikuwa na vipande vya utepe wa harusi mfukoni (natembea navyo). Nikabandika chekundu penye nusu, cheupe penye kilo. Hakukosea tena. Jambo dogo, halistahili hata kuandikwa. Nguvu zangu zote naziweka kwenye mambo makubwa.

Jumamosi, 23 Agosti

Siku ya kuanza kujitoa. Mpango niliouandikia ofisi unasema hatua moja nyuma kila siku. Haukusema hatua ya ukubwa gani! Nimerudi nyuma kwa urefu wa kiatu. Mzee Bonfiglio akasema kwa mwendo huu nitafika mlangoni siku ya Krismasi, akaninyooshea kidole nje.

Nikatoka kwa mlango wa mbele, nikaingia kwa mlango wa nyuma. Kuna chumba cha unga, na pazia lenye tundu. Pale namwona Mirta vizuri bila yeye kujua. Huu ndio utaalamu wenyewe.

Saa nne, duka limejaa, nikapiga chafya. Kisha nyingine. Mama mmoja mteja akashika mkoba wake, akauliza duka lina panya wa ukubwa gani. Mirta, bila kugeuka, akamwambia si panya, ni msaidizi wake kutoka ofisini, asiogope, haumi.

Nikatoka nikiwa mweupe kama sanamu. Watu walicheka. Wacheke! Kila kazi kubwa ilianza kwa kuchekwa. Ivonne alinipangusa unga masikioni kwa kitambaa cha uvuguvugu, na nikajua hakuna mwanamume tajiri kuliko mimi mpaka ng'ambo ya mto, Argentina yote.

Jumatatu, 25 Agosti

Sikukuu ya uhuru. Miguu inauma. Jana, mkesha wake, mji mzima ulicheza nyimbo za zamani, kama ilivyo kila mwaka, na mimi sikumpa Ivonne nafasi ya kukaa. Heber alikuwepo. Akauliza kwa ukarimu wote nimeshajitoa kufikia wapi. Nikamwambia pazuri tu. Akasema watu wake watatu wa kwanza waliacha kazi kwa sababu yeye hakuwaacha. Anajifanya kuungama ili nimwonee huruma. Sikumwonea. Nikamzungusha mke wangu mbele ya macho yake.

Leo wakati wa chakula Ivonne akaniambia Ijumaa ana mapumziko. Akauliza, taratibu, itakuwaje nikikaa naye nyumbani tupike nyoki zetu wawili, nimwache Mirta na siku yake. Malaika huyu! Ananionea huruma kwa uchovu. Nikambusu, nikamwambia mume wake hakimbii vita.

Maana nimeona hatari yenyewe ilipo. Si mizani, si nyoki. Ni foleni! Ijumaa watakuja watu wasiohesabika, wote na njaa, wote na haraka. Nani hatababaika? Nje ya mlango kuna kile kimashine cha namba, mteja anavuta kikaratasi, anasubiri kuitwa. Nimekitazama sana. Wazo limenijia nikiwa naosha vyombo, nikavunja sahani ya shangazi yake Ivonne. Haidhuru.

Jumatano, 27 Agosti

Mirta ameniomba rasmi, mbele ya Mzee Bonfiglio, nisije Ijumaa. Ilionekana ameifanyia mazoezi ile sentensi. Akasema: "Kaka Dardo, nakushukuru. Ijumaa nataka waone mimi, wasikuone wewe."

Nikaguswa. Karibu nilie. Anajaribu kunipunguzia mzigo! Nikaapa kwa heshima yangu kwamba sitafika pale kama msaidizi. Akanishika mkono, tukapatana.

Nitafika kama mteja. Mwongozo wote nimeusoma, kurasa sitini na mbili, hakuna mahali unapomkataza mtu kununua nyoki.

Ijumaa, 29 Agosti

Naandika kabla sijavua hata kofia.

Saa mbili kasoro nilikuwa mlangoni. Koti la mjomba wa Ivonne, kofia mpaka kwenye nyusi, skafu mpaka kwenye pua. Nikavuta kikaratasi cha namba moja. Nikavuta cha pili. Nikavuta mpaka sitini! Nikavisokomeza mfukoni. Hesabu yangu ilikuwa hivi: watu wakiona namba zao ziko mbali, nusu yao watakata tamaa waende kwingine, na Mirta atafanya kazi kwa raha zake.

Hakuna aliyekwenda kwingine. Nilisahau kwamba ni tarehe 29. Katika siku hii mtu wa Paysandú anasubiri nyoki hata mvua ya mawe ikinyesha.

Mlango ukafunguliwa. Mirta, kitambaa cheupe kichwani, akaita moja. Kimya. Akaita mbili. Kimya. Watu wakaanza kutazamana, kila mmoja na kikaratasi cha sitini na kitu. Bwana mmoja akapaza sauti kwamba huyo namba moja kama amekufa, basi azikwe foleni isonge. Mwingine akauliza hizo namba sitini za kwanza zimeliwa na nani. Na hapo nani anaingia na kujibanza pembeni, daftari mkononi? Bi Zulma, mkaguzi!

Nikaona kazi ya Mirta inapotea mbele ya macho yangu. Mzee Bonfiglio alikuwa ameacha kukata donge. Mirta akaanza kukunja kitambaa cha mkononi.

Akaita moja tena, kwa sauti nyembamba. Nikapaza sauti: "Mimi!" Nikanunua nusu kilo. Akaita mbili. Nikabadilisha sauti, nzito kidogo: "Mimi!" Nusu kilo nyingine. Ya tatu nikaitikia kama mzee. Ya nne kama Mwajentina. Kufikia ya sita nilikuwa nimekumbatia pakiti sita, na skafu ilikuwa imeteremka shingoni.

Mirta akaweka kitambaa chini. Akazunguka meza, akaja mpaka nilipo. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akavuta. Vikaratasi vikatoka vimeungana, virefu kama bandeji. Alivuta, akavuta.

Akaenda mlangoni, akakigeuza kimashine kitazame ukuta. Akauliza watu kwa sauti iliyofika mtaani: "Nani amefika wa kwanza?" Wote wakamnyooshea kidole babu mmoja mwenye fimbo. "Haya, babu, njoo. Nyuma yako nani? Na nyuma yake?" Dakika mbili, foleni imejipanga yenyewe. Kisha akanigeukia. "Kaka Dardo, umeshanunua. Nenda kwa mkeo."

Watu wakapiga makofi. Nadhani mengine yalikuwa yangu.

Sikwenda mbali. Nilisimama upande wa pili wa barabara nyuma ya gari la maziwa, na pakiti zangu. Aliuza mpaka saa saba, trei zote. Hakukosea hata pakiti moja. Alipomaliza alinyanyua mikono juu kama mcheza mpira aliyefunga bao, peke yake, hakuna aliyemwambia.

Bi Zulma akavuka barabara kuja kwangu. Akauliza kama utepe kwenye mizani ni wazo langu, kama Mirta alivyomwambia. Nikasema ndiyo, lakini hilo ni dogo, nikaanza kumweleza mpango wa namba na chumba cha unga. Aliandika kwa muda mrefu sana. Dalili njema!

Jumatatu, 1 Septemba

Majibu yamefika.

Mirta amepita. Mkataba umesainiwa leo asubuhi. Nilipopita dukani alikuwa amevaa aproni yenye jina lake kwa uzi wa bluu, na kule kwenye karakana ya bahasha amewapelekea wenzake trei ya nyoki na salamu kwamba hana mpango wa kurudi. Mzee Bonfiglio anamwita "bosi" akidhani hasikii.

Kibali changu hakikukataliwa! Kimeahirishwa. Natakiwa kwanza kuhudhuria mafunzo wiki kumi na mbili, kila Jumanne. Mkufunzi mkuu: Heber Techera. Sawa. Nitakaa mstari wa mbele nimtazame mpaka asahau anachosema.

Somo la kwanza linaitwa Kuondoka. Na Bi Zulma amemwomba Mirta aje kulifundisha, aseme mwenyewe anahitaji nini na hahitaji nini. Nilipomsomea Ivonne barua, alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Anavyopendeza akicheka! Tumekula nyoki siku tatu mfululizo, na tungali tunapendana.

Lakini nina wasiwasi na Mirta. Hajawahi kuzungumza mbele ya watu. Wasaidizi kumi na sita, wote wanamkodolea macho, na yeye peke yake mbele! Kama si mimi, nani atamfikiria? Nikamwandikia hotuba, kurasa nne. Ameirudisha ikiwa na madoa ya viazi. Akasema anayo yake, ina sentensi tatu, na ya tatu inanihusu.

Haidhuru. Leo jioni nilipitia kwenye ukumbi wa mafunzo kuukagua. Meza ya mwalimu ina kitambaa kinachofika mpaka chini. Nimejaribu. Nikikunja magoti naenea kabisa, na nikinong'ona atanisikia.