Nusu Yangu ya Skuta

Jumapili, 19 Julai 1959

Zamu yangu. Nimeendesha skuta hadi makaburini na kurudi, polepole, kwa faida ya waliokaa nje ya baa. Wawili wamenitazama. Mmoja alikuwa akimtafuta mbwa wake. Mbwa alikuwa nyuma yangu.

Hili la mbwa ni kosa la Quinto. Quinto ni kaka wa mke wangu, muuza nyama, na skuta tuliinunua pamoja, nusu kwa nusu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni yangu. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ni yake. Jumapili tunapokezana. Makabidhiano ni uwanjani, penye chemchemi, kengele ya jioni inapolia. Yeye huitumia kubebea soseji. Mimi ni kinyozi, sibebi kitu, lakini siku zangu mbwa wote wa Castel Rondello hunisindikiza kana kwamba nimegombea udiwani.

Mezani Fiorenza amenikumbusha kwamba Jumapili ijayo tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Kama vile ningeweza kusahau! Nilikuwa nimesahau. Mwaka thelathini na nne, siku ya pili ya harusi, tulipaswa kwenda ziwani Trasimeno kula samaki. Basi likatuacha kwa sababu bwana harusi alikuwa bado anachonga masharubu. Hajaliona ziwa hadi leo. Amesema safari hii asipofika, Jumatatu anapanda basi kwenda kwa dada yake Perugia, na mimi nitajipikia mpaka zabibu ziive. Hakupaza sauti. Ndicho kilichonitisha.

Nimemwahidi ziwa. Kwa skuta. Nimeapa kwa masharubu yale yale.

Baadaye nimehesabu kwa vidole. Jumapili ijayo ni ya Quinto.

Fiorenza anasema si umwombe tu, ni kaka yangu, hana meno ya simba. Haiwezekani. Mwezi uliopita Quinto aliniomba Jumapili yangu aende kwenye gulio la nguruwe, nami nikamjibu mbele ya baa nzima kwamba mapatano ni mapatano. Nikainua na kidole. Mtu aliyeinua kidole haombi.

Jumatatu, 20 Julai

Vinyozi tumefunga. Siku ya kufikiri. Nimefikiri.

Hila ni hii: Quinto akiichoka skuta, ataniachia mwenyewe. Nimezunguka mashambani mpaka petroli ikaisha, nikafungua koki ya akiba, nikazunguka tena mpaka ikabaki harufu. Nimeikabidhi nikitabasamu. Quinto akauliza shemeji, kulikoni, umeokota kitu? Nikasema ni jino linauma.

Jumanne, 21 Julai

Quinto ana debe la petroli buchani. Sikulijua hilo. Amepita mbele ya duka langu la kinyozi kutwa nzima akipiga honi. Jioni kanikabidhi skuta akitabasamu. Nikamuuliza kulikoni. Kasema ni jino.

Jumatano, 22 Julai

Imezimika chini ya kilima cha makaburi. Tangi kavu kama koo la shahidi wa uongo.

Nimeisukuma hadi juu, na koti langu, na mbwa watano. Mjane Assuntina amechungulia dirishani akaniuliza kama naipeleka kuzikwa au ndiyo kwanza imefufuka. Nikamwambia nafanya mazoezi. Akasema basi jitahidi baba, mbwa wanakushinda.

Subira huvuta heri, lakini haivuti skuta. Jioni, kabla ya kengele, nimefungua plagi nzima nikaitia mfukoni, na mahali pake nikafunga ile iliyokufa tangu Pasaka. Mikono imenuka petroli. Wateja wawili wamekataa sabuni ya ndevu.

Alhamisi, 23 Julai

Asubuhi ya furaha! Quinto kaipiga kiki mpaka soli ya buti ikabanduka. Nimetazama kupitia pazia.

Mchana, huzuni. Ameipeleka gereji ikatiwa plagi mpya kabisa. Kisha akaenda baa kutangaza kwamba plagi ilikuwa upande wa nusu yangu, lakini yeye kwa moyo mweupe kaniponyea nusu yangu bila kuombwa. Leo wateja wote wamenipongeza kwa kupata shemeji wa namna ile. Mmoja nimemkata kidogo sikioni. Bahati mbaya.

Ijumaa, 24 Julai

Skuta haijapata kwenda vizuri hivi tangu tuinunue. Imepanda kilima cha makaburi kama mbuzi aliyeona chumvi. Nimesikitika njia nzima.

Wazo limenijia nikila kachumbari. Injini hii hunywa petroli iliyochanganywa na oili, na oili tunaipima wenyewe kwa kikombe. Hakuna popote palipoandikwa oili ya nini. Na chini kwenye ghala kuna mtungi wa mafuta yetu ya zeituni ya mwaka juzi, mwaka ule nzi alipoziingia zeituni. Ndiyo yale ambayo Quinto aliyaonja mbele ya wageni akasema yanafaa bawaba za mlango. Vema! Sasa atayaonja vizuri.

Nimemimina chupa nzima tangini, nikaitikisa skuta kama mtoto anayegoma kulala. Kesho itatoa moshi, Quinto ataamini injini inakata roho, hatathubutu kuipanda Jumapili. Hapo nitajitokeza kishujaa: lete, nitajihatarisha mimi. Jumapili asubuhi namwaga mchanganyiko, naweka petroli safi, tunakwenda ziwani. Sioni pengo popote.

Jumamosi, 25 Julai

Moshi! Mweupe, mzito, na harufu ya kukaanga. Quinto kapita mtaa wa juu, akina mama wakatoka milangoni kuulizana nani kapata samaki. Kapita mtaa wa chini, baba mmoja akatoka na sahani. Paka nao sasa wameungana na mbwa. Nimelazimika kukaa kitini pangu mwenyewe, kwa kucheka.

Kabla ya kengele Quinto kaingia dukani, uso mweusi kwa masizi. Nikaanza hotuba yangu ya kishujaa. Hakunisikiliza. Akaweka ufunguo juu ya taulo safi, akasema shemeji, kesho ni Jumapili yangu lakini miaka ishirini na mitano si mchezo, kuvumiliana na wewe hasa, mchukue dada yangu akaone ziwa lake. Eti aliamua tangu Pasaka, Fiorenza alipomwomba.

Tangu Pasaka! Fiorenza alijua wiki nzima. Alitaka tu kuona kama nitaomba.

Quinto akaongeza kwamba leo injini ina mafua, niende nayo pole. Kisha akanishika bega. Kasema hakutaka nihangaike, kwa hiyo hakugusa petroli zaidi ya kidogo tu. Kaniachia karibu yote.

Yote.

Nimekimbilia pampu ya mafuta. Imefungwa hadi Jumatatu. Nimefikiria debe la Quinto. Lakini kuomba petroli ni kueleza kwa nini. Nimefikiria kumwambia Fiorenza. Alikuwa anapiga pasi gauni la bluu huku akiimba. Nimekwenda kulala.

Jumapili, 26 Julai

Tumeondoka saa mbili asubuhi. Fiorenza nyuma yangu, kakaa upande, kitambaa cha njano kichwani, mkono mmoja kiunoni kwangu. Sikuwa nimeukumbuka mkono huo. Nyuma yetu wingu.

Imezimika kwenye kona ya kwanza. Nikafungua plagi, nikaikwangua kwa kibanio cha nywele zake. Imewaka. Imezimika darajani. Nikakwangua. Imezimika mbele ya kanisa watu wakitoka misani, na bibi mmoja akatuuliza bei ya maandazi. Nilipoishika plagi tena, Fiorenza akaichukua mkononi mwangu. Akainusa. Akaionja kwa ncha ya ulimi.

Kasema Ubaldo, haya ni mafuta yetu.

Nikasema huenda Quinto... Akanitazama. Nikaacha hapo. Akasema zeituni za mafuta haya nilizichuma kwa mikono hii, baridi ya Novemba, juu ya ngazi, na wewe chini ukinielekeza. Kisha akapanda tena. Kilomita nzima mkono wake haukurudi kiunoni kwangu. Heri angenipiga.

Kilima cha mwisho injini ikakataa kutubeba wawili. Nikapendekeza yeye ashike usukani, mimi nisukume. Alikuwa hajawahi hata kugusa usukani. Nimesukuma, nimesukuma zaidi, ikakohoa, ikawaka. Akapita kileleni! Nikapiga kelele shika breki. Akapiga kelele breki ni ipi. Halafu mteremko ukawachukua, yeye, skuta na wingu, na mimi nikabaki barabarani na kibanio cha nywele.

Nimekimbia. Umri huu! Nimetembea. Kila kona nimetazama mtaroni, nikimwahidi Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, mambo ambayo sasa siyakumbuki vizuri.

Nimemkuta ziwani. Viatu kavua, miguu majini, mbele yake sahani ya samaki wa kukaanga, kitambaa cha njano kimeanikwa juu ya taa ya skuta. Paka wamekaa kuizunguka kama wako kwenye mahubiri. Ameagiza sahani mbili. Yangu imepoa. Akaniangalia kuanzia masharubu hadi vumbi la viatu, akasema umechelewa tena.

Halafu akacheka mpaka mwenye mkahawa akatoka kutazama. Ziwa ni zuri. Kubwa kuliko nilivyodhani.

Kurudi hakukubali kukaa nyuma. Nimeingia Castel Rondello jioni nikiwa nimeshika kiuno cha mke wangu, mbele ya baa nzima. Quinto alisimama. Akavua kofia. Si kwangu.

Jumatatu, 27 Julai

Fiorenza hakwenda Perugia. Amekwenda kwa Quinto, wakakubaliana bila mimi kwamba kuanzia sasa Jumapili zote ni za Fiorenza mwenyewe. Amerudi akaniambia, kwa upole, kwamba laiti ningeomba, petroli ingekuwa safi. Nimemwambia amenena kweli tupu. Nimekiri kwamba nimejifunza.

Kutwa nimesafisha kabureta kwa mswaki. Bado inanuka maandazi.

Sasa, Agosti kumi na tano ni sikukuu, mji mzima unakwenda mtoni. Nimehesabu kwa vidole. Inaangukia Jumamosi. Siku ya Quinto.

Ningeweza kumwomba, lakini nimelitafakari jambo lote kwa utulivu na nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Chupa nzima ilikuwa nyingi. Nusu chupa inatosha.