Meli Iliyolala kwa Adui

Umma wa Unguja ulitangaziwa, kwa taadhima na vipaza sauti, kwamba kuanzia wiki ile meli zitatekwa kwa utaratibu. Huko kaskazini kulikuwa na vita, meli za mizigo zikitekwa asubuhi na kukombolewa jioni, na ilionekana ni aibu visiwa vyetu kubaki nyuma. Ikaundwa Idara ya Utekaji na Ukomboaji, ikapewa bendera, bendi na Mkurugenzi, Bwana Mabrouk, ambaye bahari aliijua vizuri kupitia dirisha la ofisi.

Bi Riyama wa Malindi alilisikia tangazo yuko barazani anachagua mchele. Hakulipinga, nani apinge maendeleo? Ila meli iliyoteuliwa kutekwa kwa mazoezi ilikuwa Salama Tele, iliyofunga gati kutoka Tanga siku hiyo hiyo, Jumatano, na ndani yake mlikuwa na vitunguu na mbatata za biriani ya harusi ya bintiye, Sumaiya. Harusi Ijumaa. Mji mzima ulishaalikwa, na ambao hawakualikwa walishaahidi kuja.

Akaenda bandarini.

"Mkurugenzi, mzigo wangu nnauchukua lini?"

"Mama, mzigo huo uko katika hali ya kivita."

"Vitunguu?"

"Vitunguu havina upande. Meli ndiyo ina upande."

Akamsomea kanuni aliyoitunga mwenyewe: meli ikilala usiku mmoja mikononi mwa adui, kila kilichomo ni mali ya adui, na atakayemnyang'anya adui, mali ni yake. Adui walikuwa wachukuzi wa bandarini, chini ya Silima, waliopewa vitambaa vyekundu vya kichwani.

"Na nyinyi mnaikomboa lini?"

"Kesho saa nne, baada ya chai."

"Kwa nini isiwe leo jioni?"

"Jioni bendi ina harusi."

Bi Riyama akarudi nyumbani, na kabla ya magharibi mtaa wote ulishaelewa: mali ilale kwa adui, kesho iamkie Idarani. Wanawake waliokuja kusaidia kumenya thomu walishika tama. Miongoni mwao alikuwemo Bi Rahila, mke wa Mkurugenzi, ambaye hakosi penye maneno.

"Huyo mume wako katuingiza vitani," Bi Riyama akamwambia.

"Yakhe, mimi mwenyewe simwoni. Jumapili kalala semina, Jumatatu semina. Wallahi ataota mkia kwa kusoma."

Asubuhi wakatoka pamoja, buibui tupu, na masinia ya mandazi na mbaazi za nazi vichwani. Silima aliwaona kutoka juu ya meli, na zaidi yao aliyaona masinia.

"Shikamoo, Bi Riyama."

"Marahaba, mwanangu. Mshakula?"

"Tangu jana hatujatia kitu mdomoni. Tumeambiwa adui hana posho."

"Maskini. Chakula hiki lakini cha mateka tu."

Silima akawatazama wenzake. Wengine walishaanza kuvua vitambaa.

"Basi tushatekwa, mama."

Salama Tele ikakombolewa hivyo, bila damu, ila mchuzi wa mbaazi kidogo uliomwagika kwenye ngazi.

Saa nne Mkurugenzi akafika na bendi. Akamkuta Bi Riyama amekaa juu ya gunia la vitunguu, anaita wenye mizigo mmoja mmoja na kuwarudishia.

"Mama, umeingilia operesheni."

"Nimefuata kanuni. Meli imelala kwa adui, mimi nimemnyang'anya. Silima, nini kimebaki?"

Kilikuwa kitanda cha mninga, kimenakshiwa maua, kioo kichwani.

"Hiki hakina mwenyewe," alisema Bi Riyama. "Nampa Sumaiya wangu."

"Kitanda hicho kisiguswe," alisema Mkurugenzi. "Ni changu."

Bi Rahila akafunua uso.

"Chako cha wapi? Nyumbani kitanda tunacho."

Mkurugenzi akatafuta msaada kwenye bendi. Bendi ikadhani ni ishara, ikaanza kupiga.

"Dereva wake alikifuata jana," Silima akasema, mandazi mdomoni. "Alisema kinakwenda Tunguu, kuna bibi mpya anakingoja. Tukamwambia kishatekwa."

Wanawake wote wakamgeukia Bi Rahila. Wachukuzi wakakiinua kitanda, wakampita nacho Mkurugenzi karibu, hata akajiona kwenye kioo.

"Hebu nikumbushe kanuni yako," Bi Rahila akamwambia, taratibu kabisa. "Mali ikilala usiku mmoja mikononi mwa mtu, inakuwaje?"

"Rahila, hiyo ni ya meli."

"Inakuwa yake. Nawe umelala Tunguu siku mbili." Akachukua sinia lake tupu. "Mwambie huyo bibi akuweke. Mimi sikukomboi."